Sindano ya kulegeza makunyanzi: unachomwa nini hasa?

Ukikunja ndita, misuli midogo iliyo kati ya nyusi huivuta ngozi. Baada ya miaka, mikunjo ile hubaki hata uso ukiwa umetulia. Sindano ambayo wengi huiita botox, hata ikiwa ya kampuni nyingine, haijazi ngozi. Inaulegeza msuli ulio chini yake.

Dawa yenyewe ni sumu ya bakteria aitwaye Clostridium botulinum, yuleyule anayeweza kukuua kupitia chakula cha kopo kilichoandaliwa vibaya. Huzuia neva isitoe asetilikolini, kemikali inayouamuru msuli ukaze. Matokeo huanza kuonekana baada ya siku chache, na kwa kawaida hudumu miezi 3 hadi 4. Silitaji neno sumu ili kumtisha mtu: Marekani iliidhinisha dawa hii mwaka 1989 kutibu makengeza na kope zinazojifumba zenyewe, na mwaka 2002 ikaikubali kwa mikunjo ya kati ya nyusi. Nalitaja kwa sababu usalama wake wote umo katika kiasi, na katika mkono unaoidunga.

Kiasi hicho hupimwa kwa yuniti. Botox ya kati ya nyusi kwa kawaida ni yuniti 20, zikigawanywa sehemu 5. Lakini yuniti ya Botox si sawa na ya Dysport, dawa ya aina hiyohiyo ya kampuni nyingine, kwa hiyo anayekutangazia "yuniti 50 kwa bei nafuu" bila kutaja dawa hajakuambia kitu. Omba kuiona chupa kabla haijafunguliwa: jina, namba ya toleo, tarehe ya mwisho wa matumizi. Uliza pia kama ilikaa kwenye friji. Mtaalamu wa kweli hataudhika. Mwaka 2024 huko Marekani, wanawake 22 katika majimbo 11 waliugua baada ya kuchomwa dawa bandia au na watu wasio na sifa, wengine majumbani na kwenye spa. 11 kati yao walilazwa hospitali. Mimi nisingekubali kuchomwa saluni wala sebuleni kwa rafiki, hata bure.

Naye daktari akuulize maswali. Asipouliza, mwambie mwenyewe: kama una mimba au unanyonyesha, una ugonjwa wa neva au wa misuli kama miasthenia gravisi, una kidonda au uvimbe pale pa kuchomwa, au unatumia antibiotiki kama jentamaisini, dawa za kulegeza misuli au za kuzuia damu kuganda. Mwenye mzio wa protini ya maziwa ya ng'ombe asichomwe Dysport.

Michubuko midogo na kichwa kuuma hutokea na hupita. Kope ikilegea, utavumilia wiki kadhaa, maana msuli uliokwisha kulegezwa haurudishwi kwa sindano nyingine. Hungoja neva ijirekebishe. Ila ukiona vitu viwiliviwili, ukashindwa kumeza, sauti ikabadilika au pumzi ikawa nzito, iwe baada ya saa chache au wiki kadhaa, nenda hospitali papo hapo. Waambie ulichomwa lini na dawa gani. Ndiyo maana ile namba ya toleo ni vizuri uipige picha siku ileile.