Si kila kura ya nje ya Agosti ni uchaguzi mdogo

Kura ikipigwa siku yoyote isiyo Jumanne ya pili ya Agosti, siku ya uchaguzi mkuu wa Kenya, watu wengi hapa Mombasa huiita uchaguzi mdogo, kuanzia vibarazani Mji wa Kale hadi kwenye vipindi vya asubuhi redioni. Mara nyingi sivyo.

Uchaguzi mdogo ni kura ya kujaza kiti cha mbunge, mwakilishi wa wanawake, seneta au mwakilishi wadi aliyechaguliwa, kiti hicho kikibaki wazi kabla ya muhula kwisha. Kinachouleta ni kiti kuwa wazi, wala si tarehe. Mbunge akifariki, kiti kiko wazi. Vivyo hivyo akimwandikia Spika barua ya kujiuzulu, akikosa vikao vinane katika kipindi kimoja cha Bunge bila ruhusa ya maandishi, akikihama chama kilichompa tiketi, au mahakama ikibatilisha ushindi wake. Malindi ilipiga kura tarehe 7 Machi 2016 bila msiba wowote: Dan Kazungu alikuwa ameteuliwa waziri, na Katiba ya 2010 haimruhusu mtu kuwa waziri na mbunge kwa pamoja. Wale walioteuliwa kupitia orodha za vyama hawana uchaguzi mdogo. Nafasi yao hujazwa kutoka orodha ileile.

Kinachochanganya zaidi ni Agosti 2022. Tarehe 9 tulichagua rais, seneta na wabunge, lakini gavana hatukumchagua, kwa sababu karatasi za kura za ugavana zilikuwa na picha na maelezo yasiyo ya wagombea wa Mombasa. Tume ya uchaguzi, IEBC, ikaahirisha kura hiyo, na ikapigwa tarehe 29 Agosti, Abdulswamad Nassir akashinda. Mpaka leo kuna wanaosema aliingia kwa uchaguzi mdogo. Hapana. Hakuna gavana aliyekuwa ameacha kiti katikati ya muhula. Ulikuwa uchaguzi mkuu uleule, wagombea walewale, umechelewa siku 20, na mshindi akapewa muhula kamili. Mshindi wa uchaguzi mdogo hapewi muhula kamili. Humalizia kipande kilichobaki, hata kikiwa kifupi. Feisal Bader alishinda uchaguzi mdogo wa ubunge wa Msambweni, kule Kwale, tarehe 15 Desemba 2020, na Agosti 2022 ilimbidi arudi tena kwa wapiga kura.

Kura ya urais ya tarehe 26 Oktoba 2017 nayo ilikuwa uchaguzi wa marudio: Mahakama ya Juu ilifuta matokeo, na Katiba ikataka kura mpya ndani ya siku 60. Duru ya pili, yaani kura ya kuamua rais pale mgombea yeyote asipopata zaidi ya nusu ya kura, ni jambo jingine tena, nayo Kenya haijawahi kuifanya.

Muda wa uchaguzi mdogo wa ubunge umeandikwa wazi. Spika ana siku 21 za kuiarifu tume kwa maandishi, na kura yenyewe ipigwe ndani ya siku 90. Watu hudhani siku hizo 90 zinaanza Spika anapotangaza. Zinaanza kiti kinapokuwa wazi, kwa hiyo Spika akikawia anaula muda wa tume. Na kiti kikibaki wazi ndani ya miezi mitatu ya mwisho kabla ya uchaguzi mkuu, hakuna kura, hungojewa Agosti.

Sheria hii huvunjika, na wanaoumia ni wananchi. Mbunge wa Msambweni, Suleiman Dori, alifariki Machi 2020. Korona ikasogeza kura hadi Desemba. Banissa, kule Mandera, ni mbaya zaidi. Mbunge wao alifariki Machi 2023, wakati tume haikuwa na makamishna, na makamishna wapya hawakupatikana hadi Julai 2025. Banissa ilipiga kura tarehe 27 Novemba 2025, siku moja na Magarini. Zaidi ya miaka miwili na nusu bila mtu wa kuwasemea Bungeni! Katiba haikukusudia hivyo hata kidogo.

Jambo ambalo wengi hulijua wakiwa wamechelewa: kiti kikishatangazwa kuwa wazi, usajili wa wapiga kura katika eneo hilo husimama hadi kura ipigwe. Anayeishi Nyali akiwa kwenye daftari la Msambweni atasafiri kwenda kupiga kura kule. Aliye kwenye daftari la Nyali hawezi kuhamishia jina lake Msambweni wakati huo.

Tukija kwa wanaotaka gavana atimuliwe "twende uchaguzi mdogo", utaratibu wa gavana ni mwingine kabisa. Gavana akiondoka, kwa kifo, kujiuzulu au kung'olewa, naibu wake huapishwa na kumalizia muhula, wala hakuna kura. Kura huja tu ikiwa gavana na naibu wote hawapo: Spika wa bunge la kaunti hukaimu, na uchaguzi hufanywa ndani ya siku 60.