Wanazuoni wa zama za kati hawakuamini kwamba dunia ni bapa

Wengi wetu tulifundishwa kwamba wanazuoni wa Ulaya ya zama za kati, kwa kuishikilia Biblia, waliamini dunia ni bapa hadi Christopher Columbus alipovuka Atlantiki mwaka 1492 na kuwaumbua. Simulizi hiyo si ya kweli, na inasikitisha kuona bado inatumiwa kama ushahidi kwamba imani na sayansi ni maadui wa asili.

Bede, mtawa wa Uingereza, aliandika mwaka 725 kwamba dunia ni mviringo kama mpira, wala si mviringo bapa kama ngao, na kwa umbo hilo akaeleza kwa nini urefu wa mchana hutofautiana. Thomas Aquinas, katika karne ya 13, anakifungua kitabu chake kikuu cha teolojia kwa kutaja, kama jambo lisilo na ubishi, kwamba mwanaastronomia na mwanafizikia huthibitisha umbo hilo hilo, kila mmoja kwa njia yake. Ni kweli kwamba Lactantius, mwandishi Mkristo wa mwanzoni mwa karne ya 4, alilipinga, lakini wachache walimfuata.

Wataalamu waliompinga Columbus walibishania umbali wa kufika Asia kwa kusafiri kuelekea magharibi: yeye aliikadiria dunia kuwa ndogo mno, na wao ndio waliokuwa sahihi, kwani kama asingelikuta bara la Amerika njiani, chakula na maji vingemwishia baharini. Hadithi ya dunia bapa ilienezwa hasa na Mmarekani Washington Irving, katika wasifu wa Columbus wa mwaka 1828 alioutia chumvi nyingi.