Akili haina mita

Nimeulizwa tena, na safari hii na mtu anayecheza RPG (gemu za kuigiza mhusika) kila siku: "si akili ikishuka mpaka sifuri ndo mtu anakuwa kichaa?" Hapana jamani. Hapana kabisa. Naandika yote hapa, atakayeuliza tena namtumia linki.

Hiyo mita ya akili ya kwenye gemu, namba inayoshuka mhusika akikutana na vya kutisha, ilipata umaarufu na Call of Cthulhu ya 1981, mchezo wa mezani, na kazi yake ni kumtia mchezaji hofu. Kwa hofu inafanya kazi vizuri sana. Ila watu wamechukua hesabu ya hofu wakaifanya somo la magonjwa.

Angalia gemu ya Darkest Dungeon. Stresi inapanda, ikifika 100 shujaa anapimwa, wengi wanavunjika, wachache wanaibuka na nguvu mpya, ikifika 200 moyo unashtuka. Hapo nawasifu, maana ni kweli watu wawili wanapitia tukio lilelile, mmoja anaanguka mwingine anasimama, na sisi wataalamu wa afya ya akili mara nyingi hatuwezi kusema mapema nani ataanguka. Lakini halafu unampeleka akanywe pombe wiki moja, stresi imeshuka, turudi vitani. Pombe! Wakati dawa za dipresheni zenyewe zinachukua wiki kadhaa ndo zianze kusaidia, na wengi inabidi wabadilishiwe.

Kinachoniudhi hasa ni kwamba mita ni moja. Woga, kiwewe, dipresheni, kusikia sauti, vyote ngazi moja, kana kwamba wasiwasi ukizidi unageuka skizofrenia, ule ugonjwa wa kusikia sauti na kuamini yasiyokuwepo. Haiendi hivyo. Mtu wa baipola, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, akiwa kwenye mania, yaani kule juu, halali usingizi, anaongea mbio, anamwaga hela, ana mipango mikubwa mikubwa, na ukimuuliza anajisikiaje mara nyingi atakwambia hajawahi kuwa poa hivi maishani mwake, yaani mita imejaa pomoni, na hapohapo ndo familia inahangaika usiku kumfikisha hospitali na yeye anawashangaa. Ukimpima kwa mita ya gemu, huyo ndo mzima kuliko wote chumbani. Na mwenye dipresheni anafika kazini, anacheka na wenzake, hakuna aliyestuka.

Hili la karakta "kichaa" kuwageukia wenzake na panga sitalirefusha: watu wenye magonjwa makali ya akili wanaumizwa na wengine zaidi kuliko wanavyoumiza.

Gemu ya Disco Elysium ya 2019 imekaribia ukweli, stadi 24 zinabishana ndani ya kichwa kimoja na wewe unaamua umsikilize nani. Ila nayo ina kipimo cha moyo wa kupambana, na dawa ya kukijaza palepale.

Na kuna kitu kinanisumbua. Sisi wenyewe tunatumia PHQ-9, fomu ya kupima dipresheni, maswali 9, alama 0 hadi 27, na kuna siku namwona mwenzangu anaangalia ile namba kuliko uso wa mtu. Halafu wapo wateja ambao "mita yangu imeisha" ndo sentensi ya kwanza waliyoweza kuitamka. Siwakatizi. Nawauliza wanalalaje.