Emuleta ya mashine ya Babbage: dhana potofu na ukweli

Wengi wetu tumeijua emuleta kupitia michezo ya zamani ya Nintendo: programu kwenye simu inajifanya kifaa kingine, na mchezo unakubali. Lakini kuna emuleta ya kitu kizito zaidi, Mashine ya Uchambuzi ambayo Charles Babbage wa Uingereza alianza kuibuni mwaka 1834: magurudumu ya shaba yenye meno, nguvu ya mvuke, na kadi zilizotobolewa kama zile za mtambo wa kufumia wa Jacquard. Inayojulikana zaidi ni ile aliyoiandika John Walker, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya programu ya Autodesk, kwa lugha ya Java. Ni chombo bora sana cha kujifunzia, na ndiyo maana inaniuma kuona watu wakitoka nacho na mafunzo yasiyo sahihi.

"Inaiga mashine iliyowahi kufanya kazi."

Hapana. Mashine ya Uchambuzi haijawahi kujengwa nzima hadi leo. Ile inayoonekana mara nyingi kwenye picha, yenye uzito wa tani 5 na vipande 8,000, iliyoko Science Museum, London, ni nyingine: Mashine ya Tofauti Namba 2, ambayo Babbage aliibuni kati ya 1847 na 1849. Jumba hilo lilikamilisha sehemu yake ya kukokotoa mwaka 1991, na ya kuchapisha mwaka 2002. Hiyo hutengeneza majedwali ya namba kwa kujumlisha tu. Haipokei programu ya kadi.

Kwa hiyo mwandishi wa emuleta hakuwa na mashine ya kuitazama. Alikuwa na maandishi, na maandishi yenyewe hayatoi muundo mmoja wa mwisho, maana Babbage aliendelea kuibadili mashine yake hadi alipofariki mwaka 1871. Kila emuleta basi ni uamuzi wa mtu kuhusu mashine ingekuwaje. Mfano mzuri ni kadi. Katika maelezo ya wakati wa Babbage, kadi za matendo (jumlisha, toa, zidisha, gawanya) zilipita kwenye mnyororo wao, na kadi za kutaja namba ipi itumike zilikuwa na mnyororo wa peke yake. Kwenye emuleta ya Walker zote zimeunganishwa katika mfululizo mmoja. Hilo linarahisisha kazi, lakini ukilichukua kuwa ndiyo Babbage mwenyewe, umepotoka.

"Ni kikokotoo chenye sura ya kale."

Kikokotoo hukupa jibu. Hapa unaandika kadi. Kadi ya N huweka namba katika safu ya Ghala (sehemu inayohifadhi namba), kadi ya tendo huandaa Kinu (sehemu inayokokotoa), L huleta namba Kinuni, S hurudisha jibu Ghalani, na P hulichapisha. Ghala ina safu 1,000 za tarakimu 50 kila moja, kipimo alichokitaja Babbage mwenyewe. Zipo pia kadi za masharti, zinazorudisha mnyororo nyuma au kuurusha mbele kutegemea matokeo. Hizo ndizo zinazoifanya iwe kompyuta kwa maana tunayoitumia leo.

"Ndani yake kuna sifuri na moja."

Tarakimu kumi, 0 hadi 9, kila moja ikiwa hali ya gurudumu. Na nukta ya desimali haipo. Gawanya 1 kwa 3 bila maandalizi, utapata 0 na baki 1. Mwandishi wa kadi ndiye anayepaswa kusogeza tarakimu kushoto kwanza, halafu akumbuke mpaka mwisho nukta iko wapi. Wanaoanza hukwama hapa kuliko popote, wakidhani emuleta ni mbovu. Si mbovu, magurudumu ndivyo yangefanya.

"Programu ya Ada Lovelace ikichapwa ilivyo, itatoa jibu."

Mwaka 1843 Lovelace, mwanahisabati wa Uingereza aliyeandika kuhusu mashine hii, alichapisha jedwali la matendo 25 la kukokotoa namba za Bernoulli, mfululizo maarufu katika hisabati. Ni kazi kubwa, na inastahili heshima yake yote, ingawa Babbage naye alikuwa ameandika mifululizo mifupi ya matendo miaka kadhaa kabla. Sasa lifuate jedwali hilo kadi kwa kadi. Kwenye tendo la nne, maelekezo yanasema gawanya safu ya 5 kwa safu ya 4. Pembeni, kwenye hisabati iliyoandikwa kwa ajili ya tendo hilohilo, ni kinyume: safu ya 4 ndiyo inayogawanywa. Katika mfano wake hiyo ni tofauti kati ya 9/7 na 7/9. Msomaji hulipita kosa hilo bila kuliona kwa sababu macho yake yanafuata hisabati. Emuleta haina hisabati ya pembeni, inafuata kadi. Sijui njia nyingine inayomlazimisha mtu kusoma jedwali lile kwa makini kiasi hicho.

"Kadi zikikubali kwenye emuleta, mashine ingefanya kazi."

Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote. Emuleta hupima mantiki ya kadi. Haijui msuguano wala uzito wa shaba. Haijui ugumu wa kubeba moja kupita tarakimu 50 za tisa kwa mpigo, tatizo lililomla Babbage miaka. Haijui hata muda: kuzidisha ambako yeye alikadiria kungechukua dakika nzima, kompyuta yako inakumaliza kabla hujapepesa jicho.

Mwanawe, Henry Babbage, aliendelea kuitengeneza sehemu ya Kinu baada ya kifo cha baba yake. Mwaka 1910 sehemu hiyo ilichapisha orodha ya vigawe vya pai (pai mara 1, mara 2, na kuendelea), na ndani yake mlikuwa na makosa. Emuleta ingeitoa orodha hiyohiyo bila dosari, mara zote, kwa sababu haina hata gurudumu moja la kukwama.