Selimundu: makosa ya wodini yanayoanzia kwenye daftari la baiolojia

Anayeanza masomo ya afya huisoma baiolojia kwa mafungu: seli muhula huu, urithi muhula ujao, na mgonjwa atakutana naye siku atakapovaa koti jeupe. Mafungu hayo yakishatengana, dhana potofu hupata pa kujificha. Ugonjwa wa selimundu, ambao wengi tunauita siko seli, hauruhusu mtengano huo. Herufi moja kwenye DNA, protini moja, seli moja, na mtoto anayelia usiku kucha kwa maumivu ya mifupa: somo ni hilohilo. Kila mwaka duniani huzaliwa takribani watoto 500,000 wenye ugonjwa huu, zaidi ya robo tatu yao wakiwa Afrika kusini mwa Sahara. Tanzania peke yake inakadiriwa kupata kama 11,000. Anayejiandaa kuwa muuguzi au tabibu huku kwetu atakutana nao, apende asipende.

Kauli zilizo hapa chini husikika kwa wanafunzi. Baadhi husikika hata kwa watumishi wa miaka mingi.

"Mtoto alizaliwa mzima, karogwa baadaye"

Ni dhana ngumu kuing'oa kwa sababu nusu yake ni kweli. Mama alijifungua mtoto mwenye afya, akanenepa, miezi minne ya kwanza ikapita bila shida. Kisha viganja na nyayo vikavimba, mtoto hashikiki, na shangazi aliyembeba wiki iliyopita ameanza kutazamwa kwa jicho baya.

Jibu limo ndani ya hemoglobini. Hemoglobini ya mtu mzima ina minyororo minne ya protini: miwili ya alfa na miwili ya beta. Kosa la selimundu liko kwenye beta. Mtoto akiwa tumboni hategemei beta. Hutumia zaidi mnyororo mwingine uitwao gama, na hemoglobini hiyo huitwa F. Gama haina kosa lolote. Baada ya kuzaliwa, mwili huzima polepole jeni za gama huku ukiiwasha ile ya beta, kazi inayochukua miezi kadhaa. F inavyopungua ndivyo hemoglobini yenye kosa, iitwayo S, inavyojaa ndani ya seli, na dalili hujitokeza mtoto anapokaribia miezi sita. Ugonjwa alikuwa nao tangu mimba ilipotungwa. Kilichokuwa kinamkinga ni F, na F imeondoka.

Aya hiyo ikieleweka, mwanafunzi hana haja ya kukariri tiba. Haidroksiyurea, dawa ya kumeza ya selimundu, hufanya kazi kwa kuirudisha F, ingawa ina faida nyingine pia. Tiba ya jeni iitwayo Casgevy, iliyoidhinishwa Uingereza Novemba 2023 na Marekani mwezi uliofuata, nayo inakata breki inayoizima F. Bei yake Marekani ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, kwa hiyo kwa sasa tuirudie haidroksiyurea.

"Mimi ni grupu O, siko seli hainihusu"

Grupu za A, B na O zinatokana na sukari zilizo juu ya ngozi ya seli nyekundu, na jeni yake iko kwenye kromosomu ya 9. Hemoglobini iko ndani ya seli, na jeni ya beta iko kwenye kromosomu ya 11. Hemoglobini ya kawaida ya mtu mzima huitwa A. Mwenye nakala mbili za jeni ya kawaida ni AA, mwenye moja ya A na moja ya S ni AS, yaani mbebaji, na mwenye S mbili ni SS, yaani mgonjwa. Mtu anaweza kuwa O na akawa SS. Kinachochanganya ni kwamba pande zote mbili zinatumia herufi A.

"Ugonjwa umetoka upande wa mama"

Kuna ndoa zimevunjika kwa sentensi hii, nayo haivuki hata mtihani wa kidato cha nne. Kromosomu ya 11 si ya jinsia. Kila mtu ana nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Mtoto wa SS amepokea S mbili, na haiwezekani zote mbili zikatoka kwa mzazi mmoja kwa njia ya kawaida ya urithi. Baba anayesema "kwetu hakuna ugonjwa huo" anaweza kuwa mkweli kabisa kuhusu ukoo wake na bado akawa AS. Vizazi vingi vya AS vinaweza kupita bila mtu kuugua, mpaka AS mmoja amwoe AS mwenzake.

"Mmoja kati ya wanne. Wa kwanza ameshaumwa, watatu waliobaki wako salama"

Hapa tukae kidogo, maana kosa hili linatoka kwenye ule mraba wa Punnett unaochorwa ubaoni. Mraba una vyumba vinne: AA, AS, AS, SS. Mwanafunzi anaviona kama watoto wanne wa familia moja, mzazi naye anavielewa hivyohivyo akielezwa kliniki. Lakini vyumba hivyo ni uwezekano wa mimba moja. Mimba inayofuata inaanza upya. Ni kama kurusha sarafu: haikumbuki ilivyoangukia mara iliyopita.

Tuchukue familia 100 ambazo baba na mama wote ni AS, kila moja ikiwa na watoto wanne. Ukipiga hesabu, kama 32 kati yao hazitakuwa na mgonjwa hata mmoja, 42 zitakuwa na mmoja, na 26 zitakuwa na wawili au zaidi. Familia zilizopata "mmoja kati ya wanne" sawasawa ni chini ya nusu. Zile 32 zitaamini kwamba daktari aliwatisha bure. Zile 26 zitaamini kuna mkono wa mtu. Zote zilipitia uwezekano uleule wa robo katika kila mimba.

Kosa jingine la kwenye mraba ni kudhani mgonjwa wa SS lazima azae wagonjwa. Akizaa na mwenza wa AA, watoto wote watakuwa AS, hakuna atakayeugua. Akizaa na AS, kila mimba ni nusu kwa nusu. Mwanamke wa SS anaweza kubeba mimba, ila mimba hiyo inahitaji uangalizi wa karibu kuliko nyingine.

"AS ni nusu mgonjwa, siku moja atageuka SS"

Hageuki. Jeni alizozaliwa nazo ndizo atakazozeeka nazo. Tatizo ni lugha ya darasani ya jeni "yenye nguvu" na jeni "dhaifu", kana kwamba A inaikandamiza S ikanyamaza. Haiko hivyo. Mtu wa AS anatengeneza hemoglobini zote mbili ndani ya seli zilezile, A ikizidi kidogo, na kiasi hicho cha A kinatosha kuzuia seli zisipinde katika maisha ya kawaida. Yapo mazingira makali, kama mazoezi ya kupindukia mwili ukiwa umekauka maji, ambayo humtaka mtu wa AS awe mwangalifu. Huo ni uangalifu tu, hauhesabiwi kuwa ugonjwa.

Jambo hili lina uzito maabara. Kipimo cha siklingi kinaondoa oksijeni kwenye tone la damu ili kuona kama seli zitapinda. Seli za AS nazo hupinda chini ya hadubini. Jibu la "chanya" peke yake halitenganishi mgonjwa na mbebaji, na kwa kichanga mwenye F nyingi linaweza hata kutoka "hasi". Kinachotenganisha ni elektroforesisi ya hemoglobini, kipimo kinachozigawa aina za hemoglobini, au vipimo vya haraka vinavyosoma A na S kila moja peke yake. Ukiona daftari la mgonjwa limeandikwa "siko seli chanya" bila kitu kingine, kazi bado haijaisha.

"Mwenye siko seli hapati malaria"

Hii ndiyo dhana inayoua, na inatoka kwenye ukweli uliosikika nusu. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi hiyo mwaka 1949. Aliona wabebaji ni wengi pwani na karibu na Ziwa Victoria, na ni wachache nyanda za juu, kwenye baridi na mbu wachache. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba AS inakinga dhidi ya malaria. Tafiti za baadaye zimeonyesha kinga ya takribani asilimia 90 dhidi ya malaria kali.

Kinga hiyo ni ya AS. Mtoto wa SS akipata malaria, seli zake ambazo tayari zinavunjika haraka zinavunjika zaidi, na damu inaweza kushuka kwa kiwango cha kutisha ndani ya muda mfupi. Chandarua chake ni muhimu kuliko cha mwingine yeyote nyumbani. Na AS naye alale ndani ya chandarua: kinga yake ni dhidi ya malaria kali, vimelea anaweza kuwa navyo.

Wapo wanaogeuza habari hii na kusema malaria ndiyo iliyosababisha badiliko la jeni. Badiliko lilitokea kwa bahati nasibu: herufi A ikawa T, asidi ya glutamiki ikawa valini kwenye nafasi ya 6 ya beta. Malaria ilichofanya ni kuwaacha hai wabebaji wengi kuliko wasio wabebaji, kizazi baada ya kizazi. Ndiyo maana selimundu haipo Afrika tu. Iko Oman, Bahrain, mashariki mwa Saudi Arabia, India na Ugiriki, nchi ambazo malaria ilikuwepo. Rangi ya ngozi haimo kwenye hesabu hiyo.

"Damu imepungua, apewe vidonge vya madini ya chuma"

Seli nyekundu ya kawaida huishi kama siku 120. Ya SS huishi siku 10 hadi 20. Uloto, ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza seli za damu, unafanya kazi usiku na mchana lakini haufukuzi mwendo huo. Damu haipungui kwa kukosa chuma. Chuma cha seli zilizovunjika kinabaki mwilini na kutumika tena, na anayeongezewa damu mara kwa mara anaweza kukirundika mpaka kikamdhuru moyo na ini. Anachohitaji kila siku ni foliki asidi, kwa sababu uloto unaotengeneza seli kwa kasi hiyo unaimaliza. Chuma apewe pale kipimo kitakapoonyesha kwamba kweli kimepungua.

Macho ya njano yanatoka hukohuko kwenye seli zinazovunjika. Hayaambukizi, na mtoto asitengewe kikombe.

"Anajidekeza, mbona anachezea simu?"

Mgonjwa anapiga stori, simu mkononi, halafu anasema maumivu yake ni 9 kati ya 10. Muuguzi anamtazama, anaandika parasetamoli. Kinachotokea ndani hakionekani kwa macho: hemoglobini S ikishaachia oksijeni inashikana na kuwa nyuzi ndefu, seli inakakamaa, mishipa midogo inaziba, na mfupa unakosa hewa. Mapigo ya moyo yanaweza kuwa ya kawaida. Aliyeishi na maumivu tangu utotoni amejifunza kuyabeba huku akifanya mengine. Kipimo cha maumivu ni kauli yake, na maumivu makali hutibiwa kwa dawa kali, morfini ikiwamo, pamoja na maji ya kutosha.

"Ni homa tu, tusubiri kesho"

Usisubiri. Bandama, ambayo wengine huiita wengu, huharibika mapema kwa watoto hawa, na bila hiyo bakteria wa nimonia wanaweza kumuua mtoto ndani ya saa chache. Ndiyo sababu ya penisilini ya kila siku mpaka atimize miaka mitano, na ya chanjo kamili. Mzazi afundishwe pia kupapasa tumbo upande wa kushoto chini ya mbavu: bandama ikivimba ghafla na mtoto akapauka, ni safari ya hospitali saa hiyohiyo.

"Haidroksiyurea ni dawa ya saratani, itammaliza"

Ilianza huko, ni kweli. Lakini Marekani iliidhinisha itumike kwa watu wazima wenye selimundu tangu 1998, na utafiti uliofanyika Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda kwa watoto 606, matokeo yake yakitoka 2019, ulionyesha kwamba maumivu, kuongezewa damu, vifo na hata malaria vilipungua. Hofu ya awali ilikuwa kwamba dawa ingeongeza malaria; ikatokea kinyume. Inahitaji kupimwa damu mara kwa mara, na haitumiki kwa mjamzito. Kwa maoni yangu, kikwazo kikubwa sasa ni upatikanaji na bei. Usalama wake si hoja kubwa tena.

"Akiongezewa damu ya AA naye atakuwa AA"

Seli nyekundu iliyokomaa haina kiini, kwa hiyo haina jeni za kumwachia mtu. Damu ya kuongezewa inafanya kazi kwa wiki kadhaa kisha seli zake zinakufa, na uloto wa mgonjwa unaendelea kutoa S kama zamani. Tahadhari ya maabara: akipimwa ndani ya miezi mitatu baada ya kuongezewa, A itaonekana, na mgonjwa wa SS anaweza kuandikwa AS.

Kinachobadilisha damu ni kubadilisha uloto wenyewe. Upandikizaji huo sasa unafanyika hata Dodoma, katika Hospitali ya Benjamin Mkapa. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ana uwezekano wa robo wa kulingana na mgonjwa kwa aina ya tishu, na hata akiwa AS anaweza kuwa mchangiaji. Upandikizaji ukifaulu, damu ya aliyekuwa SS itasoma kama ya ndugu yake. Mayai au mbegu zake hazikuguswa: kila mtoto atakayemzaa atapokea S kutoka kwake, kwa hiyo mwenza wake bado anahitaji kupimwa.