Je wajua kwa nini injini yenye torki kubwa inavunja giaboksi, na ni ipi inayohimili?

Watu wakianza kuongelea zile gari za misuli (muscle cars) za Marekani za miaka ya 60 na mwanzoni mwa 70, Chevelle, Charger, Mustang na wenzake, kitu cha kwanza ni nguvu za farasi za injini, hii ina farasi 450 ile ina 425. Lakini kama unatafuta giaboksi ya manyuo, ya kubadilisha gia kwa mkono, itakayokaa kwenye gari kama hiyo bila kung'oka meno, farasi weka pembeni kwanza uliza torki, yaani ile nguvu ya kuzungusha shafti. Angalia Buick GS 455 Stage 1 ya mwaka 1970, kwenye karatasi ilikuwa na farasi 360 tu, ila torki yake ni futi-pauni 510, na inaipata kwenye mizunguko 2800 hivi kwa dakika, yaani chini kabisa, wakati Chevelle SS ya mwaka huohuo yenye injini ya 454 (inchi za ujazo) aina ya LS6, yenye farasi 450 torki yake ni 500. Kwa giaboksi hizo gari mbili ni adui mmoja.

Sasa ndani kunatokea nini? Kwenye giaboksi ya kawaida ya gia nne, nguvu inaingia kwa shafti ya mbele, inashuka kwenye shafti ya chini, halafu inapanda tena kwenye shafti kuu kwenda kwenye propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye difu. Gia ya nne peke yake ndiyo inapita moja kwa moja. Kwa hiyo ukiwa gia ya kwanza mzigo wote unabebwa na meno machache tu yanayoshikana kwa wakati huo, na meno yakisukumana hayazungushi tu, yanatanua pia, yanataka kuzitenganisha hizo shafti mbili. Shafti ikipinda kidogo tu, au ganda la giaboksi likijinyonga, meno yanaanza kushikana kwa ncha badala ya upana wote, na hapo ndipo jino linaondoka.

Ndio maana umbali kati ya shafti ya juu na ya chini una maana sana. Ni kama mlango, ukiusukuma karibu na bawaba unatumia nguvu nyingi kuliko ukisukuma kwenye kitasa. Umbali ukiwa mkubwa, gia nazo zinakuwa na kipenyo kikubwa, na gia yenye kipenyo kikubwa inabeba torki ileile kwa mkandamizo mdogo kwenye meno. Ile giaboksi ya T-5 iliyokuwa kwenye Mustang za miaka ya 80 na 90, umbali wake ni milimita 77, na zile nzuri zake zinahesabiwa kubeba kama futi-pauni 300. T-56, giaboksi ya gia sita, ina milimita 85. Milimita nane tu, unaweza ukazidharau, ila humo ndani zinaongea. Naona watu wanapenda T-5 kwa sababu ni nyepesi, inapatikana na bei yake inaeleweka, na kwa V8 ndogo iliyotulia ni giaboksi nzuri kabisa, ila kuifunga nyuma ya injini ya 454 ni kuitesa bure.

Sasa kuna M22 ya Muncie, hii naipenda kuieleza. General Motors walikuwa na kiwanda mji wa Muncie, Indiana, na kuanzia 1963 hadi 1974 hivi giaboksi zao za gia nne zilijulikana kwa jina hilo. M20 gia yake ya kwanza ni 2.52, yaani shafti ya kuingilia inazunguka mara 2.52 ili ya kutokea izunguke mara moja, M21 ni 2.20, na M22 pia ni 2.20. Ukizitazama kwa nje unaweza usione tofauti, lakini M22 ikitembea unaisikia, inalia kwa sauti ya kusaga mpaka wakaipa jina Rock Crusher, yaani kisaga mawe. Sababu ni kwamba meno ya gia yamekatwa kwa mshazari ili yapokezane taratibu na yasipige kelele, ila mshazari huo una gharama, kila torki inapoingia gia inasukumwa pia kwenda mbele au nyuma ya shafti, inakandamiza beringi na kuta za ganda, na joto linapanda. Kwenye M22 waliupunguza mshazari, kutoka zaidi ya digrii 30 ukawa kama 20, msukumo ukapungua, joto likapungua, kelele ikaongezeka. Kwa hiyo ule mlio ni matokeo ya uamuzi wa wahandisi waliochagua uimara wakaacha utulivu. Na ganda lenyewe bado ni la aluminiamu na lina mfuniko wa ubavuni, hiyo haikubadilika.

Ford wao na Toploader yao ya 1964 wakaweka mfuniko juu, kuta za pembeni zikabaki nzima, na ganda ni chuma cha kumimina, kwa hiyo halijinyongi ovyo. Ukiipata ya injini kubwa, shafti ya kutokea ina meno 31 kwenye ncha yake badala ya 28, hiyo hesabu kwa macho yako kabla hujatoa hela, maana zinafanana. Chrysler walikuwa na A-833, na kwa injini zao kubwa za Hemi 426 na 440 shafti ya kuingilia ikawa na meno 18 manene badala ya 23.

Kitu kingine ni matairi. Haya hayasemwi vya kutosha. Matairi ya enzi zile yalikuwa yanateleza haraka, na kuteleza kule kulikuwa kunaiokoa giaboksi, mzigo ulikuwa unaishia kwenye moshi. Ukifunga matairi mapana ya kisasa yanayoshika lami halafu ukaachia klachi ghafla kwenye mizunguko 5000, flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, nayo inamwaga nguvu iliyohifadhi, giaboksi inapigwa torki zaidi ya ile ya injini. Kwa hiyo ile namba ya futi-pauni ya mtengenezaji usiichukue hadi mwisho wake, acha nafasi.

Kwa gari ya barabarani yenye torki 500, leo mimi ningeenda TKX ya kampuni ya Tremec, gia tano, inahesabiwa futi-pauni 600 na mwili wake ni mdogo, kwenye gari nyingi za zamani hukati sana sakafu. T-56 Magnum ya gia sita inabeba 700, ila ni kubwa, jiandae kukata. Na difu, zile gia za kwenye ekseli ya nyuma, uipange pamoja nayo. Chukua M21 yenye 2.20 na difu ya 4.10, ukizidisha unapata 9.02, ndiyo mara ambazo torki inaongezeka ukiwa gia ya kwanza, ila kwenye kilomita 112 kwa saa na tairi la inchi 26 injini inazunguka kama mara 3700 kwa dakika, inachosha. Weka TKX yenye 2.87 na difu ya 3.31 unapata 9.5, yaani inaondoka kwa nguvu zaidi kidogo, halafu gia ya tano ya 0.68 inashusha mizunguko hadi kama 2000. Kama gari ni ya asili na namba zilizogongwa kwenye injini, giaboksi na bodi zote zinaendana, hapo mimi ningeiacha Muncie yake ibaki, nichunge mguu wangu tu.

Halafu ukishanunua, kabla hujaifunga, pima lile ganda linalounganisha injini na giaboksi. Unafunga saa ya kupimia (dial indicator) kwenye flaiwili, unazungusha injini kwa mkono, unasoma tundu la katikati limekaa upande kiasi gani. Wauzaji wengi wanataka lisizidi sehemu tano kwa elfu za inchi, yaani inchi 0.005. Likizidi, shafti ya kuingilia inaingia ikiwa imepinda, gia zinagoma kuingia, beringi ya mbele inakufa mapema, na mtu analaumu giaboksi. Dawa yake ni pini za kulengea zenye kichwa kilichokaa pembeni, unabadilisha, unapima tena, mpaka saa ikae chini ya hiyo namba.