Uso Uliochoka Unaposomwa Kuwa Uso wa Hasira: Maswali na Majibu kuhusu Tatizo la Haiba la Bodalaini

Tuchukue mfano wa mvuvi wa Kibirizi, hapa Kigoma, aliyekesha ziwani na karabai zake, akarudi nyumbani alfajiri akiwa na macho mekundu na uso mkavu. Mkewe anamtazama mara moja tu pale mlangoni, moyo unaanza kumwenda mbio, naye anauliza: "Nimekukosea nini?" Mume anasema hajakosewa. Mke haamini, kwa sababu macho yake yameona hasira, na kabla chai haijachemka nyumba imeingia katika ugomvi ambao hakuna aliyeutafuta. Jambo hili likitokea mara moja moja ni la kawaida katika ndoa. Likitokea kila juma, na likiambatana na dalili nyingine nitakazozieleza, huenda lina jina la kitabibu na huenda lina tiba. Maswali yafuatayo ni ya aina ambayo jamaa wa wagonjwa huuliza, nami nimeyajibu kwa urefu pale ambapo naona upotoshaji ni mwingi.

Tatizo hili ni lipi hasa?

Huitwa tatizo la haiba la bodalaini. Haiba ni namna mtu alivyo siku zote: anavyohisi, anavyojitazama na anavyohusiana na wenzake. Bodalaini maana yake ni mpakani. Mwaka 1938 daktari Adolph Stern wa New York alilitumia neno hilo kwa wagonjwa ambao hawakuingia vizuri katika makundi makuu mawili ya maradhi ya akili yaliyojulikana wakati ule, na mwaka 1980 chama cha madaktari wa magonjwa ya akili cha Marekani kikaliingiza rasmi katika mwongozo wake wa utambuzi. Jina halisaidii sana kueleza ugonjwa, lakini ndilo lililobaki.

Mwongozo huo unataja dalili 9, na daktari huhitaji kuona angalau 5 zilizodumu kwa muda mrefu. Miongoni mwake ni hofu kubwa ya kuachwa, mapenzi yanayogeuka chuki kwa siku moja kisha yakarudi, hisia zinazopanda na kushuka kwa saa chache, hasira isiyozuilika, utupu moyoni, maamuzi ya pupa yanayomdhuru mwenyewe, na kujikata au kutaka kujiua. Katika nchi ambako limepimwa vizuri, tatizo hili huonekana kwa takriban mtu 1 au 2 kati ya 100. Mitaani kwetu watu hao huitwa wenye gubu, wenye kisirani au wenye hasira za karibu, na kwa kuwa majina hayo yanamlaumu mtu bila kumweleza, ningeomba tuyaache.

Kwa nini mke wangu husema nimenuna wakati nimechoka tu?

Hili ndilo swali lililonifanya niandike, kwa sababu jibu lake hubadilisha namna ndugu wanavyomtazama mgonjwa.

Kila mmoja wetu husoma nyuso bila kujitambua. Ukipita sokoni Mwanga, jicho lako linaruka nyuso mia moja zisizo na jambo na linanasa ule mmoja uliokunja ndita, kwa kuwa ubongo umeumbwa kutafuta hatari kwanza. Ndani ya ubongo mna sehemu ndogo mbili, kila moja yenye umbo la lozi, ziitwazo amigdala, ambazo hushtuka upesi zionapo dalili ya tishio, nyuma ya paji la uso mna sehemu nyingine ambayo kazi yake mojawapo ni kutuliza mshtuko huo na kusema, "Tulia, huyo anaumwa jino tu." Kwa watu wengi wenye tatizo la bodalaini, vipimo vya picha za ubongo vimeonyesha kwamba amigdala huitikia kwa nguvu zaidi waonapo nyuso zenye hisia, wakati sehemu ya kutuliza haiishiki hatamu ipasavyo.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba shida haiko kwenye nyuso za hasira peke yake. Tafiti kadhaa zimeonyesha kuwa uso usioonyesha chochote, yaani uso uliotulia, husomwa na wagonjwa hawa kuwa una ubaya ndani yake mara nyingi kuliko unavyosomwa na watu wengine. Uso wa mtu aliyechoka, anayewaza deni la mafuta ya injini au anayesikiliza taarifa ya habari, ni uso wa namna hiyo hiyo. Kwa hiyo mkeo anapokuambia umenuna hakusingizii. Anakuambia kwa uaminifu kile ambacho ubongo wake umemletea.

Wataalamu wamejuaje jicho la mtu linakwenda wapi?

Ipo njia ya zamani iliyo rahisi. Mtu huonyeshwa kwenye kompyuta nyuso mbili kwa pamoja, mmoja wa hasira na mwingine mtulivu, kwa muda mfupi kama nusu sekunde. Nyuso zikitoweka, kidoa hutokea mahali palipokuwa na mmojawapo, naye hubonyeza kitufe mara akionapo. Akiwa mwepesi zaidi kidoa kinapotokea upande wa hasira, tunajua kwamba macho ya akili yake yalikuwa huko tayari. Njia ya pili hutumia kamera inayofuatilia mboni.

Utafiti uliofanyika Heidelberg, Ujerumani, na kuchapishwa mwaka 2013 uliwalinganisha wanawake 40 wenye tatizo hili na wanawake 41 wasio nalo. Walipoonyeshwa nyuso zenye hasira, wale wenye tatizo waliyahamishia macho yao kwenye macho ya uso ule upesi zaidi na mara nyingi zaidi, na amigdala zao zikaitikia kwa nguvu zaidi. Kwa vijana wa kike imeonekana pia kwamba hali ya moyo wa siku hiyo ina uzito: binti akiwa na huzuni au fadhaa, umakini wake hunaswa na nyuso mbaya na hung'oka kwa shida. Hilo lina maana kubwa nyumbani, kwani sura ile ile ya baba ambayo Jumatatu haikumsumbua inaweza kumchoma Alhamisi baada ya kugombana na rafiki shuleni.

Hata hivyo, niseme wazi kwamba matokeo ya tafiti hizi hayafanani yote. Baadhi zimeona jicho likiukimbilia uso wa hasira, nyingine zimeona likiukwepa, na zote hueleza wastani wa kundi. Hakuna daktari anayeweza kumpima mtu mmoja kwa picha za nyuso akatoa jibu kwamba anao ugonjwa au hana.

Kama huona upesi hivyo, je, si kipaji cha kuwajua watu?

Kwa sehemu, huenda. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani waliwaonyesha washiriki nyuso zilizokuwa zikibadilika polepole kutoka utulivu hadi hisia kamili, na wenye tatizo la bodalaini waliitambua hisia mapema kuliko wenzao, iwe furaha au hasira. Miaka miwili baadaye kundi la Ujerumani lilifanya jaribio la kufanana na hilo na halikuuona wepesi huo; lilichokiona ni kwamba uso wenye hisia mbili zilizochanganyika ulielekea kusomwa na wagonjwa kuwa wa hasira.

Nionavyo mimi, ndugu wa mgonjwa watende kana kwamba yote mawili yanawezekana. Zipo siku ambazo mgonjwa amekuona vizuri kuliko unavyojiona mwenyewe, na kumkatalia kwa ukali siku hiyo ni kumfundisha asiyaamini macho yake hata yanaposema kweli.

Hali hii hutoka wapi? Wapo wanaosema amerogwa.

Hakurogwa, wala si mapepo. Sehemu ya chanzo ni ya kurithi, kwa maana kwamba wapo wanaozaliwa na hisia kali na zinazokawia kutulia. Sehemu nyingine hutokana na malezi na maisha. Wengi wa wagonjwa, ingawa si wote, husimulia utoto wa kupigwa, kudhalilishwa, kutelekezwa au kuambiwa kila mara kwamba wanachohisi ni upuuzi. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2002 ulionyesha kuwa watoto waliopigwa majumbani waliutambua uso wa hasira hata picha ikiwa bado hafifu. Mtoto ambaye usalama wake wa usiku ulitegemea kuujua uso wa mlevi anayeingia mlangoni hujifunza somo hilo kabla ya kujua kusoma, naye hukua nalo hata baada ya mlevi huyo kuzikwa. Wazee walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, nasi hatuna haki ya kumcheka anayeshtuka.

Je, kila anayeshtushwa na sura za watu ana tatizo hili?

Hapana. Mtu mwenye sonona huona huzuni kila mahali, na mtu aliyepitia vita au kubakwa anaweza kuishi akiwa macho kwa hatari miaka mingi bila kuwa na bodalaini. Mkoa wetu umewapokea maelfu ya watu waliokimbia mapigano nchini Kongo na Burundi, na kambi ya Nyarugusu iliyopo Kasulu imekuwapo tangu mwaka 1996, kwa hiyo mhudumu wa afya wa hapa anapaswa kuuliza habari za kiwewe kabla ya kutaja haiba.

Kuna pia jambo la adabu. Sehemu kubwa ya tafiti nilizozitaja zilifanyika Ulaya na Marekani, zikitumia picha za watu wa huko. Kwetu kijana anayezungumza na mzee huinamisha macho, na mkwe hamkazii macho mkwewe. Kutotazamwa usoni kunaweza kuwa heshima tupu. Anayepima mgonjwa ni lazima alijue hilo.

Kuna dawa?

Hakuna dawa iliyothibitishwa kutibu tatizo lenyewe, na mwongozo wa kitabibu wa Uingereza wa mwaka 2009 ulishauri dawa zisitolewe kwa ajili yake mahsusi. Daktari anaweza kuandika dawa kwa sonona au kukosa usingizi kunakoambatana nalo. Katika utafiti ule wa Heidelberg, homoni iitwayo oksitosini ilipopulizwa puani ilipunguza mkimbilio wa macho kwenye nyuso za hasira. Hilo lilikuwa jaribio la maabara, na mtu akikuuzia kitu cha namna hiyo kama tiba, usinunue.

Tiba yenye ushahidi ni ya mazungumzo. Inayojulikana zaidi ni tiba ya dialektiki ya tabia, iliyoasisiwa na mwanasaikolojia wa Marekani Marsha Linehan, ambaye mwaka 2011 alieleza hadharani kwamba yeye mwenyewe aliugua vikali na kulazwa akiwa binti. Humo mgonjwa hujifunza kuutaja mshtuko unapokuja, kuvuta pumzi polepole, na kujiuliza: nimeona nini hasa usoni, na nini nimekiongeza mimi? Tiba kamili kama hiyo bado ni adimu nchini mwetu, lakini hatua ya kwanza ipo. Anzia kituo cha afya kilicho karibu, omba rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni ukaulizie huduma za afya ya akili. Kwa hali nzito zaidi ipo Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe, Dodoma.

Matumaini hapa si maneno ya kufariji tu. Nchini Marekani wagonjwa 290 waliowahi kulazwa walifuatiliwa kuanzia miaka ya 1990, na baada ya miaka 10 zaidi ya 8 kati ya 10 hawakuwa tena na dalili za kutosha kuitwa wagonjwa, ingawa si wote waliorudi kikamilifu kwenye kazi na mahusiano.

Akisema anataka kufa, je, anatutisha tu?

Mchukulie kwa uzito kila mara. Hatari ya kujiua kwa wenye tatizo hili ni kubwa, hata kwa aliyelisema mara kumi. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua, kwa maana swali hilo halimtii mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Usimwache peke yake, ondoa karibu naye sumu za wadudu, vidonge, kamba na vyenye makali, na mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Basi nitabasamu hata nikiwa na hasira, ili nisimshtue?

Usifanye hivyo. Tabasamu lililobandikwa juu ya hasira ni ule uso wa hisia mbili ambao nimesema huelekea kusomwa kuwa wa hasira, na zaidi ya hayo anayekupenda atagundua. Kinachosaidia ni kuutafsiri uso wako kwa maneno, mapema, kwa sauti ya kawaida, kabla hajalazimika kubahatisha. Ukiwa na hasira naye, sema una hasira, sema ni ya jambo gani, na sema kwamba huondoki. Akikuuliza kama umenuna, usimjibu "unaanza tena", mwambie ulichonacho. Mvuvi wetu wa Kibirizi angeweza kusema akiwa bado anavua viatu mlangoni: "Mama Asha, usiku ulikuwa na upepo na hatukupata kitu. Nimechoka, sijakasirika. Nalala kidogo, tutaongea mchana." Kisha mchana ukifika aamke na aongee naye kweli, kwa sababu mke huyo atakuwa ameihesabu kila saa.